Amekurudishia Dau Kabla ya Flopu: Ujibu Vipi Kwenye Meza Ndogo za Poka

Kwenye meza za poka za pesa ndogo, anayekurudishia dau (anayepandisha tena juu ya dau lako) kabla ya flopu, yaani kabla ya karata tatu za kwanza za pamoja kufunuliwa mezani, kwa kawaida anasema kweli. Nalisema hili bila kumung'unya maneno kwa sababu nimefanya udila, yaani kazi ya kugawa karata, usiku katika kasino moja ya Nairobi, zaidi meza ya shilingi 50/100, na dila ndiye mtu wa pekee anayetazama kila karata inayofunuliwa bila kuwa na senti yake ndani. (Mama yangu huko Mombasa anajua nilikuwa nafanya kazi hotelini. Sikumdanganya: kasino ilikuwa ndani ya hoteli.) Mchezaji hukumbuka ile siku moja aliyopigwa blafu (dau la uongo) na kuonyeshwa 72, yaani saba na mbili, karata mbovu, kwa kejeli, na tangu hapo kila anayemrudishia anamwona mwongo. Mimi nilikuwa naona AA, KK, QQ, AK, halafu AA tena, na mbele yake kijana ameshika AJ, anatikisa kichwa na kulaumu bahati.

Siku hizi nakaa upande wa pili wa meza, na swali ninaloulizwa sana na wanaoanza ni hilohilo: nimepandisha, jamaa amenirudishia, nifanye nini?

Kwanza tuelewane. Natumia herufi zilizochapwa kwenye karata zenyewe: A ni ree, K mfalme, Q malkia, J ghulamu, na T nitaiandika badala ya kumi. Kila mchezaji ana karata mbili mkononi, kwa hiyo AA ni ree mbili, na KT ni mfalme na kumi. Blaindi ni madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka mwanzoni, ndogo 50 na kubwa 100 kwenye meza ya 50/100. Blaindi kubwa inahesabiwa kuwa dau la kwanza, anayepandisha ameweka la pili, anayemrudishia ameweka la tatu, ndiyo maana mezani huitwa thribeti. Ukimpandishia tena huyo wa tatu, hiyo ni fobeti. Mifano yangu yote ni ya meza ya 50/100, wewe na mpinzani wako mna 10,000 kila mmoja, ila pale nitakaposema vingine.

Jibu huanza kabla hujapandisha

Watu hupandisha dau wakiwa wanaiwaza flopu. Waza kwanza wale waliokaa kushoto kwako, maana wao wanacheza baada yako. Kabla ya chipu kutoka mkononi jiulize: nani hapo anaweza kunirudishia, na akinirudishia nitafanya nini? Ikiwa jibu ni "nitazitupa", basi sawa, pandisha ukijua 400 yako inaweza kuondoka. Ikiwa jibu ni "sijui", hapo ndipo pesa inapovuja, kwa kuwa asiyejua hukoli, yaani hulipa dau kama lilivyo bila kupandisha. Kukoli hakuaibishi mtu na hakumlazimishi kuamua lolote.

Chukua KT. Uko kiti cha tatu kabla ya batani (kiti cha anayecheza wa mwisho baada ya flopu), na kushoto kwako kuna mtu aliyebakiwa na 3,000, amevimba, anaagiza bia ya nne. Huyo ataingia na chipu zote kwa jozi yoyote na kwa A yoyote. Wewe na KT yako huwezi kumkoli kwa raha, wala huwezi kumkimbia kila mara. Afadhali uitupe KT tangu mwanzo, usubiri AT au 88 ambazo zitakuwa tayari kumpokea. Karata zile zile, watu watulivu wakiwa kushoto, ningezipandisha bila wasiwasi.

Nani amekurudishia

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu kwenye meza ndogo hili lina uzito kuliko hesabu yoyote.

Yuko mzee mkimya. Amekaa tangu saa tatu usiku, anakunywa chai ya maziwa, anakoli 100 mara kwa mara na kuzitupa baada ya flopu. Hajarudishia mtu usiku kucha. Sasa anasukuma 1,300 juu ya 400 yako bila kukutazama. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Orodha ya karata za mzee huyu ni fupi mno: AA, KK, pengine QQ, pengine AK. Hesabu namna zake, yaani michanganyiko ya karata mbili anayoweza kushika. Jozi yoyote inaweza kuja kwa namna 6, AK kwa namna 16. Kwa hiyo QQ, KK, AA na AK kwa pamoja ni namna 34 kati ya 1,326, yaani kama asilimia 2.6 ya karata zote anazogawiwa. Ikiwa AK yeye hukoli tu, zinabaki jozi tatu, namna 18. Na wapo wazee ambao hata QQ hawarudishii. Hao wana namna 12 tu, chini ya asilimia moja. Mbele ya mtu wa namna hiyo JJ yako ni karata ya kutupa, na huna haja ya kumwonyesha mtu ili akuhurumie.

Yuko kijana wa vipokea sauti masikioni, aliyesoma, aliyetazama video. Huyu anajua kwamba ukipandisha ukiwa karibu na batani una karata nyingi dhaifu, kwa hiyo anakurudishia na A5 za kopa, na 98 za alama moja, na KJ. Orodha yake inaweza kufika asilimia 8 au zaidi, ambayo ni zaidi ya namna 100. Hapo JJ ina nguvu, na AQ inapumua. Ila angalia: hata huyu anajua kupunguza mchezo unapopandisha kutoka kiti cha kwanza. Usimpe sifa ya uchokozi mahali ambapo hana.

Yuko mwenye hasira. Amepoteza chungu kikubwa (pesa zinazowaniwa katikati ya meza) michezo miwili iliyopita, anazungusha chipu kwa nguvu, anamlaumu dila (najua, nimelaumiwa). Thribeti yake ya sasa si ya kawaida yake. Ongeza karata kwenye orodha yake: AT, 77, KQ. Lakini mpe mchezo mmoja au miwili, usimchukulie hivyo usiku mzima; watu hupoa.

Na yupo mgeni usiyemjua. Mgeni mchukulie kama mzee mkimya mpaka akuonyeshe vingine. Wengi hufanya kinyume, humwona mgeni mchokozi kwa kuwa ana kofia na miwani. Kofia haina namna yoyote kati ya zile 1,326.

Ukiwa bado mgeni kwenye meza hiyo, tumia muda ambao huna karata. Mezani tulikuwa na wateja waliotupa karata zao kisha wakainamia simu mpaka wagawiwe tena. Ndio waliokuwa wakiniuliza baadaye, "Dada, huyu huwa anarudishia na nini?" Dila haruhusiwi kujibu swali hilo, lakini jibu lilikuwa limelala kwenye meza dakika ishirini zilizopita.

Ulikuwa kiti gani, na yeye kiti gani

Ukipandisha kutoka kiti cha kwanza, kila mtu anajua una karata nzuri, na anayekurudishia hata hivyo ana nzuri zaidi. Ukipandisha kutoka batani na blaindi kubwa akakurudishia, huenda anakutilia shaka tu. Tofauti ya pili ni nani atacheza wa mwisho baada ya flopu. Anayecheza wa mwisho anaona mwenzake amefanya nini kabla hajatoa pesa, na kwenye chungu kikubwa hilo ni jambo kubwa. Kwa hiyo: ulipandisha kutoka batani, blaindi amekurudishia, unaweza kukoli na karata nyingi kidogo. Ulipandisha mapema, batani amekurudishia, orodha yako ya kukoli iwe nyembamba. Karata za katikati kama AJ na KQ za alama tofauti ukiwa wa kwanza kucheza zitupe tu. Hata kijana wa vipokea sauti atakusumbua nazo.

Bei

Sasa hesabu. Umepandisha 400, mtu wa batani amerudishia 1,300, blaindi zote mbili zimetupa. Katikati kuna 400 + 1,300 + 150, jumla 1,850. Unatakiwa uongeze 900. Ukikoli chungu kitakuwa 2,750, na 900 yako ni karibu theluthi yake, asilimia 33. Maana yake, karata zako zinahitaji kushinda angalau mara moja kati ya tatu kama mngefunua moja kwa moja. Lakini hamfunui moja kwa moja. Kuna flopu, kuna madau mengine mawili au matatu, na wewe ndiye unayecheza kwanza. Karata yenye asilimia 35 mezani huishia kukusanya pungufu ya hapo, kwa kuwa mara nyingi utatolewa kabla ya mwisho. Juu ya hayo nyumba, yaani kasino, inakata kamisheni. Meza nyingi hazikati kitu mchezo ukiishia kabla ya flopu, kwa hiyo ukikoli umeikaribisha nyumba kula nanyi.

Weka AQ kwenye hesabu hiyo. Dhidi ya mzee mkimya mwenye QQ, KK, AA na AK, AQ yako ya alama tofauti inashinda karibu robo ya mara. Unahitaji theluthi. Hapo hapana mjadala, ingawa AQ inapendeza macho na umeisubiri saa nzima.

Ukubwa wa thribeti nao unasema kitu. Akirudishia kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa, yaani 700 juu ya 400 yako, unaombwa 300 tu ili kuwania chungu kitakachokuwa 1,550, chini ya asilimia 20. Hapo koli na karibu kila ulichopandisha nacho. Ila usijidanganye kuhusu anachoshika. Thribeti ya kuchungulia namna hiyo kutoka kwa mtu mtulivu, nilichokuwa nikiona kikifunuliwa mara nyingi ni AA au KK za mtu anayeogopa kukufukuza. Unakoli ili umpige kwa karata iliyofichika, na jozi ya juu peke yake usiiamini.

Akirudishia 2,500, mambo yanageuka. Sasa unahitaji asilimia 41. Dau kubwa hivyo mara nyingi ni JJ, TT au AK ya mtu asiyetaka kuiona flopu. Jozi yako ya 88 haipati bei. QQ na kwenda juu zinapata, na tena zinapata kwa furaha.

Steki, yaani chipu zote alizo nazo mtu, ni hivyo hivyo. Yule mwenye 3,000 aliyeingia na zote juu ya 400 yako anakuomba 2,600 kwenye chungu kitakachofika 6,150, asilimia 42. Hakuna flopu ya kukusumbua, hakuna dau la pili. Kama ni mwenye hasira, TT, JJ na AQ unazikoli palepale. Akiwa mzee mkimya, hata na 3,000 yake ni mzee mkimya.

Sasa karata zenyewe

AA na KK: fobeti. Usizifiche. Kwenye meza ndogo watu hukoli fobeti na QQ, na AK, wakati mwingine na AQ, na kila shilingi unayoacha kuweka kabla ya flopu itakuwa ngumu kuiweka baadaye ikianguka A au ikianguka picha tatu. Wanaokoli thribeti na AA "kwa mtego" nimewaona wakifunga mtego wao wenyewe: flopu inakuja 9-8-7, wanapoteza steki yote kwa jozi moja, kisha wanaapa kuwa AA ina mkosi. Na KK usiiogope. Uwezekano wa mpinzani mmoja kuwa na AA wakati wewe una KK ni 6 kati ya 1,225, chini ya nusu asilimia. Thribeti inaongeza uwezekano huo, bila shaka, lakini si kwa kiasi cha kukufanya uzitupe ukiwa na blaindi kubwa 100, yaani 10,000 zetu. Itatokea umekutana nayo. Lipa, salimia, nunua tena au nenda nyumbani.

QQ na AK ndizo zinazoumiza vichwa, na jibu linategemea mtu kuliko karata. Tuseme umeweka fobeti ya 3,000 na QQ, naye ameingia na 10,000 zote. Katikati kuna 13,150, unatakiwa uongeze 7,000, kwa hiyo unahitaji kama asilimia 35. Ikiwa orodha yake ni QQ, KK, AA na AK, QQ yako ina karibu asilimia 40: koli. Ikiwa orodha yake ni AA na KK tu, una asilimia 18 au 19: tupa. AK inakwenda njia moja na hiyo, asilimia 39 dhidi ya orodha ya kwanza, 18 na kitu dhidi ya pili.

Angalia kilichotokea hapo. Dhidi ya mtu ambaye utalazimika kumtupia QQ akiingia na zote, fobeti yako ilikuwa na kazi gani? Zile karata ulizokuwa unazishinda zimekimbia, zile zinazokushinda zimebaki, na umeacha 3,000 mezani. Kwa mtu huyo koli thribeti na QQ, tazama flopu. A au K itaanguka mara 41 kati ya 100, na ikianguka akaendelea kusukuma, utaachana naye kwa gharama ndogo. Fobeti ya QQ na AK iweke kwa kijana wa vipokea sauti na kwa mwenye hasira, ukiwa umeshaamua kwamba chipu zote zinaingia.

AK ina faida moja ambayo QQ haina: ikiwa mkononi mwako kuna A na K, namna za AA zinashuka kutoka 6 hadi 3, na za KK hivyo hivyo. Karata zako mwenyewe zimepunguza majini unayoyaogopa. Ndiyo maana AK inafaa zaidi kusukumwa kuliko kukoliwa, hasa ukiwa wa kwanza kucheza. Ukiikoli, theluthi mbili za flopu hutapata jozi yoyote.

JJ na TT: koli dhidi ya thribeti ya kawaida ya mtu wa kawaida, tupa mbele ya mzee mkimya aliyekurudishia ulipopandisha kutoka mbele. Ukiwa na JJ, karata kubwa kuliko yako itaanguka kwenye flopu zaidi ya nusu ya mara, asilimia 57. Ukiwa na TT, karibu asilimia 70. Kwa hiyo ukikoli uwe na moyo wa kukoli dau moja la flopu hata Q ikiwepo, la sivyo unanunua tiketi ya flopu chache mno. Kuweka fobeti na TT kwenye steki ya blaindi 100 ni tabia ninayoielewa na nisiyoipenda.

Jozi ndogo, 22 mpaka 88. Utapata tatu za aina moja kwenye flopu kama mara moja katika kila nane na nusu, asilimia 12 hivi. Kwa kuwa hutalipwa kila unapopata, nataka nyuma kuwe na chipu angalau mara 15 ya bei ya kukoli, na ningependa 20. Kwenye mfano wetu bei ni 900, na nyuma kimebaki 8,700, chini ya mara kumi. Tupa. Mkiwa na 20,000 kila mmoja, zinabaki 18,700, zaidi ya mara ishirini. Sasa koli, na hasa koli dhidi ya mzee mkimya. Yule yule uliyekuwa unamkimbia ndiye anayelipa vizuri, kwa sababu AA yake haiwezi kuachia. Dhidi ya kijana mwenye orodha pana unapata kidogo, kwani mara nyingi hana kitu cha kukulipa.

AQ, AJ, KQ: nimeshasema. Za alama moja, ukiwa wa mwisho kucheza, dhidi ya mtu mwenye orodha pana, koli. Kwingine kote tupa.

Karata zilizofuatana za alama moja, 76 au 98, watu wanazipenda kupita kiasi. Kwenye chungu kilichorudishiwa mnabaki na 8,700 nyuma ya chungu cha 2,750, mara tatu tu na kidogo, na hiyo si nafasi ya kutosha kwa karata zinazohitaji kusubiri hadi karata ya mwisho. Zicheze mkiwa na steki nene na wewe ukiwa batani.

Fobeti ya uongo

Ukiweka 3,000 kwa blafu unahatarisha 2,600 zaidi ili ushinde 1,850 iliyopo. Ili ilipe peke yake inabidi akimbie zaidi ya mara 58 kati ya 100. Mzee mkimya hakimbii hata mara 10. Kijana anaweza. Ukitaka kujaribu, tumia A5 au A4 za alama moja: A yako inapunguza namna za AA kutoka 6 hadi 3 na za AK kutoka 16 hadi 12, na akikoli una mahali pa kukimbilia. Lakini kwa meza nilizozigawia, mtu ambaye hakuwahi kupiga fobeti ya uongo hata mara moja hakupoteza chochote cha maana.

Kuna wanaopinga kwa kutaja programu za kukokotoa uchezaji bora wa poka, kama PioSOLVER, kwamba huwezi kutupa karata nyingi hivyo. Hesabu yao ni halali. Anayekurudishia 1,300 anahatarisha hiyo 1,300 apate 550, kwa hiyo ukitupa zaidi ya mara 70 kati ya 100 anaweza kukurudishia na karata zozote akapata faida palepale. Anaweza. Mzee wa chai ya maziwa hajui kama anaweza, na hana nia. Programu inacheza dhidi ya programu mwenzake inayosema uongo kwa kipimo sahihi. Siku utakapoona mtu mmoja anakurudishia wewe hasa, kila unapopandisha kutoka batani, hapo anza kukoli zaidi na kumwekea fobeti na TT na AQ. Hutahitaji programu kulijua hilo.

Wanapokuwa wengi katikati

Umepandisha 400, wawili wamekoli, blaindi kubwa anasukuma 2,400. Wengi huona chungu kimenona wakakoli 2,000. Ni asilimia 35, ndiyo, lakini nyuma yako kuna watu wawili bado hawajasema neno. Habari njema ni kwamba hao wawili kwa kawaida ni dhaifu. Wangekuwa na QQ wangeshapandisha. Kwa hiyo aliyebaki wa kumhofia ni blaindi tu, na pesa iliyolala katikati ni nyingi. AK hapa ingiza zote, usikoli. QQ vilevile, isipokuwa blaindi ni yule unayemjua. JJ na TT itategemea yeye ni nani. Kilichobaki tupa, hata kama ni jozi ndogo na umehesabu chungu mara mbili.

Na kama hukupandisha wewe, mtu wa kwanza kapandisha, wa pili karudishia, na wewe hujaweka kitu: AA na KK ingia, QQ na AK fikiri, mengine hayakuhusu.

Mtandaoni

Kwenye meza za senti 2/5 za dola huoni chai wala hasira, unaona namba. Programu za takwimu zinakuonyesha mtu anarudishia asilimia ngapi. Mwenye 3 ni mzee mkimya aliyevaa jina lingine: QQ, KK, AA na AK pekee ni 2.6. Mwenye 8 au 9 ni kijana. Usiiamini namba hiyo kabla hujacheza naye michezo mia kadhaa, kwani nafasi za kurudishia hazijitokezi mara nyingi na michezo 30 haisemi kitu. Mtandaoni watu hupandisha kidogo, blaindi 2.5 badala ya 4, na kamisheni ya asilimia 5 ni ya kawaida kwenye meza hizi, kwa hiyo zile koli za pembeni, KJ na A9 za alama moja, ndizo za kwanza kuondoa.

Neno la dila

Umeamua kuweka fobeti. Iseme. Tamka "reizi" (napandisha) na kiasi, au sukuma chipu zote za dau hilo kwa mwendo mmoja. Ukiweka 1,300 halafu ukarudi kwenye steki kuchukua nyingine, dila atakuzuia, na itahesabiwa umekoli. Ukirusha chipu moja ya 5,000 kimya kimya mbele ya thribeti ya 1,300, hiyo pia ni koli, hata kama nia yako ilikuwa kupandisha hadi 5,000 na meza nzima imeiona nia hiyo usoni mwako. Na fobeti ina kima cha chini: yeye aliongeza 900 juu ya 400 yako, kwa hiyo na wewe uongeze 900 au zaidi, yaani 2,200 kwenda juu. Mimi huweka kati ya 2,800 na 3,200 nikiwa na AA, na kiasi hichohicho nikiwa na AK, ili anayetazama mkono wangu asijifunze kitu. Nimewarudishia wateja chipu zao mara nyingi kwa sababu ya chipu hiyo moja ya kimya, na karibu kila mara aliyekuwa ameirusha alikuwa na KK.